LALENI SALAMA: FAMILIA YA WALTON NA HAMU YA ZAMANI

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Mimi sina ubishi na wahenga, kwani hata mtihani wa Kiswahili hauruhusu. Lakini dhahabu huchimbwa ikiwa imechanganyika na udongo, na mwenye busara huisafisha kwanza kabla ya kuivaa. Hayo ndiyo ninayotaka tujifunze leo, wapenzi wasomaji, kwa kutazama vipindi vya runinga vya Marekani vinavyosifu maisha ya zamani.

Likizo ya Aprili mjomba alituletea flashi iliyojaa vipindi vya kale. Nyanya alichagua kimoja tu, The Waltons, akavikataa vingine vyote kwa sababu watu wa kipindi hicho huvaa nguo za heshima. Mimi nikafanywa mkalimani. Kila jioni baada ya chakula tuliketi sote, yaani nyanya, mama, ndugu zangu wawili na mimi, tukiwatazama Wamarekani hao wa milimani wakifanya kazi, wakigombana kidogo na kupatana. Mwisho wa kipindi nyumba yao huonekana kwa nje usiku, taa zinazimwa, na sauti zinasikika zikitakiana usiku mwema, mmoja baada ya mwingine.

"Hao ndio watu," nyanya akasema siku moja. "Wanakula pamoja na baba yao, wanalala wameagana. Si hapa, kila mtu na simu yake."

Mama hakujibu kitu. Mimi maneno yale "na baba yao" yalinichoma. Baba yangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine huvuka mpaka hadi Kampala. Nyumbani huja siku mbili au tatu kwa mwezi. Nikajiuliza, kwani sisi si familia? Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba. Niliyoyapata niliyasoma mbele ya chama chetu muhula wa pili, na mwalimu mlezi akaniomba niyaandike hapa.

MAANA YA HAMU YA ZAMANI

Mnamo 1688 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika huko Basel, Uswisi, kuhusu maradhi ya watu waliokaa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya kurudi nyumbani, jingine maumivu. Akapata nostalgia. Kwa hiyo neno hili lilianza kama jina la ugonjwa! Baadaye maana ikahama. Leo hutumiwa kwa mtu anayetamani wakati uliopita, hata kama bado anaishi katika nyumba ile ile aliyozaliwa. Redio zetu zina neno zuri la kwao, zilizopendwa. Mimi nitasema "hamu ya zamani".

Burudani safi ya familia nayo ni ile ambayo mzazi anaweza kuitazama na watoto wake bila kunyanyuka ghafla kwenda kuzima. Wamarekani wamezioanisha mbili hizi mara nyingi sana. Wanapotaka kuonyesha familia njema, huirudisha nyuma miaka ishirini, arobaini au hata mia.

Mfano ulio wazi ni bustani ya burudani ya Disneyland, iliyofunguliwa Julai 1955 huko Anaheim, California. Mgeni akiingia hupita kwanza katika barabara iliyojengwa kama mji mdogo wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, wakati Walt Disney alipokuwa mtoto katika mji wa Marceline, Missouri. Mafundi walitumia ujanja: ghorofa za juu zilijengwa ndogo kuliko za chini, ili macho yadanganyike yaone majengo ni marefu. Tafadhali mkumbuke ujanja huo. Tutauhitaji tena.

BABA ALIYERUDISHWA NYUMBANI

The Waltons kilionyeshwa na shirika la CBS kuanzia Septemba 1972 hadi Juni 1981. Kinasimulia familia moja ya Virginia yenye watoto saba, wazazi, babu na nyanya, kuanzia 1933. Hiyo ilikuwa miaka ya Mdororo Mkuu, uchumi ulipoanguka na mamilioni ya Wamarekani wakakosa kazi. Baba, John Walton, ana mashine ya kupasua mbao hapo hapo nyumbani. Kifunguamimba, John-Boy, anataka kuwa mwandishi. Wengi hawakutarajia kipindi hicho cha pole pole kifike mbali, lakini mwaka wa 1973 kilitunukiwa tuzo ya Emmy ya mchezo bora wa mfululizo.

Aliyekibuni ni mwandishi Earl Hamner, naye alisimulia utoto wake mwenyewe katika kijiji cha Schuyler, Virginia. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanane. Na hapa, wenzangu, ndipo nilipoketi wima kitini.

Baba yake Hamner alifanya kazi katika machimbo ya mawe pale kijijini. Mdororo ulipokuja machimbo yakafungwa. Mzee akapata kibarua katika kiwanda cha DuPont mjini Waynesboro, umbali wa takriban kilomita 50. Siku za kazi alilala huko katika nyumba ya kupanga, na mwisho wa juma alipanda basi, kisha akatembea maili kadhaa hadi nyumbani. Mkesha mmoja wa Krismasi, mwaka wa 1933, theluji ilianguka na baba akachelewa. Familia nzima ikakaa ikimngoja. Usiku huo ndio uliozaa filamu ya runinga The Homecoming ya 1971, na filamu hiyo ndiyo iliyozaa The Waltons.

Je, mmeona kilichotokea? Mtoto aliyemkosa baba yake siku tano kwa juma alipokua alitunga familia ambayo baba hupasua mbao nyuma ya nyumba na kuketi mezani kila jioni. Alimrudisha baba nyumbani kwa kalamu. Nyanya alidhani anatazama picha ya jinsi mambo yalivyokuwa. Kumbe sehemu ile aliyoipenda zaidi ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: kipindi cha hamu ya zamani kikikuonyesha kitu kitamu mno, uliza ni nani aliyekikosa.

KWA NINI 1972?

Kanuni ya pili: linganisha mwaka ambao hadithi inasimulia na mwaka ambao kipindi kilitengenezwa. Miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa na mengi ya kuwakosesha usingizi. Vita vya Vietnam vilikuwa vimewagawanya, na vikosi vyao vya mwisho vya mapigano viliondoka huko Machi 1973. Oktoba mwaka huo nchi za Kiarabu zikawanyima mafuta, na magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Agosti 1974 Rais Richard Nixon akajiuzulu kwa kashfa ya Watergate.

Hebu tazama runinga ilivyofanya katika miaka hiyo hiyo. 1972: The Waltons, cha miaka ya 1930. Januari 1974: Happy Days, cha vijana wa Milwaukee wa miaka ya 1950. Mhusika mkuu wake aliigizwa na Ron Howard, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa 1954, hivyo alikuwa akikumbuka ujana ambao hakuwa nao! Septemba 1974: Little House on the Prairie, cha karne ya 19. Mgonjwa akizidiwa, dawa huongezwa.

Little House kina hamu mbili, moja ndani ya nyingine. Vitabu vyake viliandikwa na Laura Ingalls Wilder, aliyezaliwa 1867. Cha kwanza kilitoka 1932, wakati wa ule ule Mdororo Mkuu. Wasomaji waliokosa kazi walifarijika kusoma juu ya familia iliyojijengea nyumba ya magogo kwa mikono yake. Miaka 42 baadaye, watu wenye shida nyingine wakafarijika kuitazama.

YALIYOACHWA NJE YA MLANGO

Sasa turudi kwenye ghorofa zilizopunguzwa. Picha ya zamani hupendeza kwa sababu fundi ameamua kipi kiwe kikubwa na kipi kiwe kidogo.

Mnamo tarehe 4 Oktoba 1957 kilianza kipindi cha Leave It to Beaver, ambacho mpaka leo Wamarekani hukitaja kama mfano wa familia tulivu. Mwezi mmoja kabla, mjini Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa weusi walizuiwa kuingia shule ya upili ya wazungu. Rais Eisenhower alilazimika kutuma wanajeshi ili wawasindikize hadi darasani. Walikuwa wa umri wetu, wenzangu. Mtoto mmoja wa 1957 alikuwa runingani akikemewa kwa utundu, na mwingine alikuwa akitembea kati ya bunduki akiwa na vitabu mkononi. Yupi anayekumbukwa mtu anaposema "zile siku njema"?

Virginia ya Hamner nayo ilikuwa na shule za wazungu na shule za weusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza ubaguzi huo 1954, wilaya moja ya Virginia, Prince Edward, iliona afadhali kufunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Miaka mitano bila kengele! Kwa haki, The Waltons hakikunyamaza kabisa. Kuna kipindi ambacho Verdie, jirani mweusi aliyekua bila kujua kusoma, anafundishwa na John-Boy kwa siri. Nyanya alikitazama mara mbili. Hata Will Geer, aliyeigiza babu mpendwa wa familia, alikuwa amenyimwa kazi za filamu miaka ya 1950 kwa sababu alikataa kuijibu kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti.

Na ile nyumba ya magogo ya Laura huko Kansas? Ilijengwa kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji wa asili. Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa neno mlowezi. Kwa sababu ya namna vitabu hivyo vinavyowataja wenyeji na watu weusi, mwaka wa 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder kwenye tuzo yake.

RAIS NA VIKATUNI

Hamu ya zamani hupendwa pia na wanasiasa. Januari 1992, uchumi ukiwa mbaya na uchaguzi ukikaribia, Rais George H. W. Bush alihutubu kwamba anataka familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton kuliko akina Simpson, wale wa vikatuni wenye fujo. Siku chache baadaye vikatuni vikamjibu. Kijana Bart akasema wao ni sawa tu na akina Walton, kwani nao wanaomba Mdororo uishe. Jibu hilo lilikuwa na akili. Rais alikumbuka meza ya chakula akasahau kilichokosekana juu yake. Novemba mwaka huo alishindwa katika uchaguzi.

JE, TUZIME RUNINGA?

Nilipomaliza kusoma haya chamani, msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza, "Basi unataka tuseme kipindi ni uongo?" Nilimjibu vibaya siku hiyo, kwa hiyo namjibu tena hapa. Siamini ni uongo. Hamner alisimulia haja yake kwa ukweli kabisa. Kosa ni letu tunapoigeuza haja ya mtu kuwa rula ya kupimia nyumba ya jirani. Haja yenyewe haizeeki: Full House cha 1987 hadi 1995 kilifufuliwa kama Fuller House 2016 hadi 2020, na The Homecoming ilitengenezwa upya 2021. Tena kuna jambo ambalo siwezi kulikana. Kwa majuma matatu, watu watano wa nyumba yetu walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, simu zikiwa zimewekwa kando.

Jumamosi moja ya mwisho wa likizo baba alikuwa aje. Saa mbili usiku akapiga simu kwamba foleni ya malori haisogei. Mama akafunika sahani yake kwa kawa. Ndipo nikamsimulia nyanya juu ya mzee Hamner, basi na ile theluji. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe huyo mtoto alikuwa akingoja kama nyinyi."

Taa ilipozimwa, kitindamimba wetu akaita kutoka nyuma ya pazia, kwa mzaha, "Lala salama, nyanya!" Nyanya akaitikia, akamtaja mama, mama akanitaja mimi. Tukamaliza wote. Kisha nyanya akaongeza, "Na wewe dereva, popote ulipo." Baba alifika alfajiri, akakuta chakula kimepoa, akakila hivyo hivyo.

ZOEZI LA CHAMA

1. Chagua kipindi, wimbo au hadithi inayosifu zamani. Ilitungwa mwaka gani, na inasimulia miaka gani? Eleza kilichokuwa kikiwasumbua watu ilipotungwa.
2. Ni nani hawaonekani katika picha hiyo ya zamani? Toa sababu.
3. "Ya kale ni dhahabu." Jadili, lakini muulize nyanya au babu yako kwanza.