Shahada ya Ng'ambo Ukiwa Kayanga au Nkwenda

Kijitabu kwa wahitimu wa kidato cha sita na stashahada, walimu, watumishi na wazazi wa Karagwe na Kyerwa

Kusomea shahada ya chuo cha mbali bila kuvuka mpaka si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watahiniwa wa nje mwaka 1858, na chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kilianza kikiwa chini ya London hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba leo mwombaji ni yeyote mwenye simu, na anayemuuzia masomo naye anaweza kuwa yeyote mwenye simu.

Bei kamili

Tuchukue mfano wa University of the People, chuo cha Marekani kilichoanza 2009, kinachofundisha kwa mtandao tu na kilichopata ithibati ya huko mwaka 2014. Hakitozi ada ya mafundisho, ndiyo maana vijana hukitaja sana. Hata hivyo mwombaji hulipa dola 60, na kila somo lina ada ya tathmini inayozidi dola 100. Shahada ya kwanza ina masomo 40. Hizo ni zaidi ya dola 4,000. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, umeshapita milioni 10. Kwa shahada ya Marekani si bei mbaya, na chuo kina misaada kwa wasio na uwezo, lakini aliyekuambia ni bure kabisa hakusoma ukurasa wa ada mpaka mwisho.

Nafuu iko kwenye mpangilio wa malipo. Mwaka una mihula mitano ya wiki tisa, na mtu anaweza kuchukua somo mojamoja. Kwa kaya ya kahawa hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa fedha huonekana baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kisha mfuko hukauka. Panga masomo mengi kwa miezi ya fedha na machache kwa miezi ya ukata. Usiuze kahawa ingali mtini kwa butura ili ulipie muhula. Mnunuzi wa butura hupanga bei akijua umebanwa, na baada ya wiki tisa ada inarudi palepale huku kahawa si yako tena.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) usiuweke kwenye hesabu hii. Panga kana kwamba haupo.

Bando na saa

Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula takribani MB 500 hadi 700, ilhali kitabu kizima cha maandishi huweza kushuka kwa MB chache. Chagua kozi inayoegemea maandishi, na pakua video ukipata Wi-Fi ya mjini.

Wakazi wa Murongo na wa kando ya Mto Kagera wana shida yao ya pekee: simu hudaka mtandao wa Uganda au Rwanda, bando linakaa kando na salio linaliwa. Zima data ya ng'ambo, chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mipangilio. Mtandao wa Rwanda unaweza pia kurudisha saa ya simu nyuma kwa saa nzima, maana wao wako nyuma yetu. Kazi inayotakiwa saa sita usiku ya New York kwetu ni saa 1 au saa 2 asubuhi, kutegemea majira yao. Mtu akikosea hapo, somo alilolipia linaweza kumponyoka.

Kabla ya kulipa

Iandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), taja chuo, programu na kwamba unasoma kwa mtandao, kisha tunza jibu. Ithibati ya nje haikuondolei hatua hii, kwa sababu TCU ndiyo inayotambua shahada za nje hapa nchini. Mwalimu au mtumishi apate kwanza ruhusa ya maandishi ya mwajiri, la sivyo cheti kinaweza kisimsaidie katika muundo wa utumishi. Uuguzi na udaktari visomewe penye wodi.

Linganisha pia na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, chenye kituo Bukoba. Ada ni ya shilingi, na anayepungukiwa sifa ana programu ya msingi ya kuanzia. Kwa maoni yetu, wengi wa wilaya hizi mbili wangefaa kuanzia huko, na ng'ambo ibaki kwa fani isiyopatikana nchini.

Wakala anayeahidi shahada kwa uzoefu wa maisha tu, au anayetaka ada itumwe kwenye namba yake binafsi, usibishane naye. Kata simu.