Umeijaza Vipi Ile Fomu ya Usingizi?

Haya wadogo zangu, leo tuongee usingizi. Kuna mmoja wenu kaniandikia kwamba alikwenda kliniki kwa sababu usiku halali, akapewa karatasi ya maswali manane, akapata alama 3, akaambiwa hana shida. Anauliza: dada, kwani mimi najifanyisha?

Hujifanyishi. Nadhani umepimwa kitu kingine tu. Maswali manane ya kama unaweza kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, hicho ni kipimo cha Epworth, alichokitambulisha daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Kila swali lina 0 hadi 3, jumla 24, na ikizidi 10 inabidi uchunguzwe zaidi. Ila kinachoulizwa pale ni kusinzia mchana. Wengi wanaokesha macho makavu usiku, hata mchana usingizi hauji. Mwili umechoka, akili haitulii. Kwa shida yako kuna fomu ya maswali saba ya Charles Morin, mtaalamu wa Kanada, madaktari huiita ISI. Inafika 28, na kuanzia 15 tatizo linahesabiwa kuwa la kutibiwa. Iulizie. Kumuuliza daktari si kumkosea adabu.

Sasa tuje kwenye kujaza, maana hapa ndipo tunapoharibu. Wengine tunajipunguzia ili tusionekane wagonjwa, wengine tunaongeza ili tupewe dawa.

Chukua fomu nyingine, ndefu zaidi, iliyotoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 1989. Inataka habari za mwezi mzima uliopita, si za jana ulipokesha msibani. Inauliza unapanda kitandani saa ngapi, unaamka saa ngapi, na umelala kweli kwa saa ngapi. Tuseme umepanda saa tatu usiku, ukaamka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 9. Kama katikati ulikuwa na simu na mawazo, ukalala kwa saa 5 tu, umetumia kama asilimia 56 ya muda wa kitandani, na chini ya 65 kipengele hicho kinapata alama mbaya kuliko zote. Ukiandika kwamba umelala kwa saa zote 9, unapata 0, yaani safi kabisa! Shida yako umeifuta kwa kalamu yako mwenyewe.

Na saa zenyewe, jamani. Fomu nyingi zinafuata saa za Kizungu. Ukiandika 11 tupu ukimaanisha saa kumi na moja alfajiri, anayesoma ataona unaamka karibu na adhuhuri. Andika kwa maneno, na "alfajiri" iwepo.

Kwenye fomu hiyo ya Pittsburgh kuna pia swali la dawa za kukusaidia kulala. Kile kidonge cha mafua unachomeza ili upate usingizi kinahesabika, hata kama umekinunua duka la dawa bila cheti. Kiseme. Na bia za jioni usizifiche, hata kama fomu haina pa kuziandika.

Kukoroma usijijibie mwenyewe. Mkoromaji hajisikii! Muulize mwenzio, au dada mnayelala chumba kimoja: huwa pumzi inakatika, halafu nashtuka kama niliyekabwa? Jibu likiwa ndiyo, lifikishe kwa daktari hata kama fomu uliyopewa haikuuliza. Fomu haioni koo lako. Kazi yake ni kuonyesha nani achunguzwe zaidi, pengine kwa kulala hospitali usiku mmoja na mashine zinazopima pumzi.

Ukimaliza, uliza umepata ngapi, uandike na tarehe. Baada ya matibabu utajaza tena, mlinganishe.

Ila wewe wa bodaboda au lori uliyewahi kusinzia ukiwa barabarani, usingoje alama zijumlishwe. Mwambie daktari kabla hujapewa hata kalamu, na chombo akiendeshe mwingine kwanza.