Muundi: Mfupa Ulio Karibu Mno na Ngozi

Katika Kiswahili cha kila siku neno mguu hubeba kila kitu, kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole gumba. Kwa hiyo mgonjwa anayeletwa hospitalini akisema kuwa amevunjika mguu huwa bado hajasema alipovunjika, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mguu mmoja una mifupa 30: fupaja ndani ya paja, kilegesambwa mbele ya goti, muundi na fibula kati ya goti na kifundo, mifupa 7 inayojenga kisigino na sehemu ya nyuma ya wayo, mingine 5 mirefu katikati ya wayo, na 14 ya vidole. Kila mmoja huvunjika kwa namna yake, na hatari zinazofuata hazilingani.

Fupaja ndio mfupa mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini. Urefu wake hukaribia robo ya kimo cha mtu. Kwa kijana, mfupa huo hauvunjiki ila kwa kishindo kikubwa, na unapovunjika, lita moja ya damu au hata zaidi inaweza kumwagika ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Kwa mzee mambo huwa kinyume: huteleza bafuni, shingo ya fupaja ikakatika, mguu ukaonekana mfupi na wayo ukaelekea nje. Mzee wa namna hiyo mara nyingi hukandwa nyumbani kwa majuma kadhaa, ikidhaniwa kuwa nyonga imeteguka tu, ilhali kila siku anayolala chali inamsogeza karibu na vidonda vya mgandamizo, nimonia na damu kuganda ndani ya vena. Anayeanguka kutoka juu ya mnazi au jukwaa la ujenzi na kutua kwa miguu huvunja mfupa wa kisigino, naye hapaswi kuruhusiwa kurudi nyumbani kabla uti wa mgongo wake haujachunguzwa, kwani kishindo kilekile hupanda juu. Aliyevunjika kilegesambwa kwa kawaida hushindwa kuinua mguu ukiwa umenyooka. Lakini mfupa unaostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni muundi, kwa kuwa katika mvunjiko wake saa za mwanzo zinaweza kuamua kama mguu utabaki au utakatwa.

Yeyote aliyewahi kujigonga kwenye ukingo wa kitanda gizani anaijua sifa kuu ya mfupa huu. Muundi una umbo la pembetatu, na uso wake wa mbele upande wa ndani haukufunikwa na msuli wowote. Kutoka chini ya goti hadi kifundoni, mtu anaweza kuufuata kwa kidole: kuna ngozi, mafuta kidogo, kisha mfupa. Fibula, jirani yake mwembamba wa upande wa nje, imezungukwa na misuli kwa sehemu kubwa na hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, ingawa ncha yake ya chini ni nguzo ya kifundo na haiwezi kupuuzwa inapovunjika hapo. Ukosefu wa misuli una gharama nyingine isiyoonekana kwa macho. Misuli ndiyo inayoletea mfupa uliovunjika damu ya ziada ya kuuponya, baada ya ateri iliyo ndani yake kukatika. Theluthi ya chini ya muundi, ambako misuli imeisha na kano tu zinapita, huunga polepole kuliko theluthi ya juu.

Pikipiki inapogongwa ubavuni, sehemu hiyohiyo ya mguu ndiyo hukutana na bampa la gari. Mara nyingi kipande chenye ncha kali hutoboa ngozi kutoka ndani, kisha mguu unaponyoshwa na wasamaria wema, hurudi kilikotoka. Kinachobaki ni tundu dogo kama punje ya harage, likivuja damu nyeusi yenye vitone vya mafuta juu yake. Mafuta hayo ni uboho wa mfupa. Dereva hufungwa kitambaa, ndugu hushukuru kwamba kidonda ni kidogo, na katika vituo kadhaa vya afya hushonwa nyuzi mbili na kupewa vidonge vya maumivu. Kushona tundu hilo ni kosa zito. Mfupa uliogusa lami, udongo au suruali ni mfupa uliochafuka, na ngozi ikifungwa juu yake, vijidudu hufungiwa ndani pamoja na damu iliyokufa.

Mwaka 1976 Gustilo na Anderson, madaktari wa upasuaji wa mifupa nchini Marekani, walichapisha mgawanyo wa mivunjiko iliyo wazi katika madaraja matatu, ambao bado unatumika. Daraja la kwanza ni kidonda kisichozidi sentimita 1. La tatu ni lile la misuli iliyosagika, ngozi isiyotosha kufunika mfupa, au ateri iliyokatika. Mgawanyo huo una mtego mmoja kwa msomaji wa haraka. Mguu uliogongwa kwa mwendo mkali au kuchafuliwa na udongo wa shambani na kinyesi cha mifugo huhesabiwa daraja la tatu hata kama tundu ni dogo. Daraja halisi hujulikana katika chumba cha upasuaji, baada ya kidonda kupanuliwa na kutazamwa, wala si mapokezi.

Kazi ya zahanati ni fupi, lakini haina mbadala. Mapigo ya ateri juu ya wayo yapimwe. Mguu uliopinda unyooshwe kwa upole, kisha mapigo yapimwe tena. Uchafu unaoonekana uondolewe, kidonda kifunikwe kwa shashi safi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na gango lifungwe kuanzia juu ya goti hadi kwenye wayo. Dawa ya antibiotiki itolewe kwa mshipa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ajali, pamoja na kinga ya pepopunda. Majivu, unga wa kahawa na mafuta ya taa havina nafasi hapa. Zahanati isiyo na daktari bingwa wala eksirei inaweza kuyafanya yote haya, na dozi moja iliyotolewa kwa wakati kijijini ina thamani kuliko dawa ghali itakayoanza kesho yake mjini.

Katika hospitali ya rufaa, kidonda hupanuliwa, tishu zilizokufa hukatwa hadi zinazotoa damu, na vipande vya mfupa visivyoshikamana na chochote huondolewa. Baada ya hapo ndipo mfupa huthibitishwa, ama kwa vyuma vya nje, ambavyo wagonjwa wengi wa Tanzania huviita antena, ama kwa msumari mrefu ndani ya uwazi wa uboho. Mjadala wa kipi bora umekuwa mrefu. Utafiti wa kulinganisha njia hizo uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 haukuona tofauti kubwa katika maambukizi na upasuaji wa kurudia ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo waliowekewa msumari walipona wakiwa na mguu ulionyooka zaidi. Msumari wa SIGN, uliobuniwa na daktari Lewis Zirkle wa Marekani, huingizwa na kufungwa kwa skrubu bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na kwa sababu hiyo umefika hata katika hospitali zisizo na mashine hiyo. Hata hivyo, hakuna chuma kinachofidia kidonda kilichosafishwa vibaya.

Hatari ya pili huja hata pale ngozi isipotoboka. Misuli iliyo kati ya goti na kifundo imegawanywa katika vyumba vinne, kila kimoja kimezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Damu ya mvunjiko ikijaa humo, shinikizo hupanda hadi kuizuia damu mpya isiingie kwenye misuli na neva, na baada ya takriban saa 6 madhara huwa hayarudi nyuma. Waunga mifupa wa jadi wameponya mivunjiko mingi iliyofungika, na kuwadharau hakumsaidii mgonjwa. Tatizo ni mabanzi yanayokazwa siku ya kwanza, wakati mguu ungali unavimba. Plasta ya hospitali iliyozungushwa mguu mzima siku hiyohiyo hufanya kosa lilelile.

Dalili ya mwanzo ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyotulizwa na sindano, na yanayochachamaa vidole vinapovutwa juu au chini na mtu mwingine. Shavu la mguu huwa gumu na lenye kung'aa. Ganzi hutokea kati ya kidole gumba na cha pili. Mapigo ya wayoni yanaweza kuendelea kusikika hadi misuli imekwisha kufa, kwa hiyo kuwapo kwake kusimtulize mtu yeyote. Kila kilichofungwa hufunguliwa hadi kwenye ngozi, mguu hulazwa usawa wa moyo wala usiinuliwe juu, na iwapo maumivu hayapungui, vyumba vyote vinne hupasuliwa usiku huohuo. Mgonjwa anayelia kwa maumivu ndani ya plasta hasumbui wodi. Anatoa taarifa.

Muundi uliofungika huchukua miezi 4 hivi kuunga kwa mtu mzima, na ulio wazi huchukua muda mrefu zaidi. Uvutaji wa sigara huuchelewesha. Barua ya rufaa iliyo bora haihitaji maneno mengi: saa ya ajali, saa ambayo antibiotiki ilitolewa na kipimo chake, kidonda kilionekanaje kabla ya kufunikwa, na kama vidole vilikuwa na hisia na kujikunja mgonjwa alipoondoka.