Ujumbe umefika, lakini nani ameupokea?

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mgonjwa mmoja anaweza kupita sehemu tatu kabla ya kupona: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, na hospitali. Kila anapohama, taarifa zake zinapaswa kuhama pamoja naye, yaani barua ya rufaa, majibu ya maabara na maelekezo ya dawa. Mama mjamzito anayetoka kata ya mbali kama Kitanga akifika hospitali bila taarifa hizo, wauguzi huanza upya kumuuliza na kumpima, na muda wa kumsaidia unapungua. Akirudi nyumbani na majibu yake yakabaki hospitali, zahanati yake haitajua la kufanya.

Njia za kutuma taarifa zimebadilika sana. Zamani ilikuwa barua mkononi mwa ndugu wa mgonjwa, au simu ya upepo. Ofisi za mjini zikapata faksi. Leo taarifa nyingi zinaingia kwa ujumbe wa simu, barua pepe na picha zinazotumwa kwa WhatsApp. Katika somo hili tutaangalia jinsi kituo cha afya kinavyoweza kupokea na kutunza taarifa hizo ili zimfikie mgonjwa anayehusika.

Mashine hubadilisha njia, haifanyi kazi yetu

Faksi ya kawaida hutoa karatasi. Karatasi hiyo inaweza kuanguka chini ya meza, kuchanganywa na nyingine, au kusomwa na mtu yeyote anayepita. Ndiyo maana ofisi nyingi za tiba duniani zilianza kupokea faksi ndani ya kompyuta: ukurasa unaingia kama picha na kuhifadhiwa kwenye folda. Nchini Uingereza serikali ilikwenda mbali zaidi. Ilikataza hospitali za umma kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019, ikitaka barua pepe salama zichukue nafasi yake.

Hata hivyo, picha iliyo ndani ya kompyuta inaweza kupotea kama karatasi. Kompyuta huipa jina la tarehe na namba tu, haijui ni ya mgonjwa gani. Kama hakuna mtu anayeifungua, kuisoma na kuipeleka panapohusika, itakaa humo mwezi mzima. Picha ya majibu iliyotumwa kwenye simu ya muuguzi aliye likizo haina tofauti na barua iliyosahaulika mfukoni.

Mfano kutoka Kigoma Vijijini

Jirani na Kasulu, katika wilaya ya Kigoma Vijijini, kulifanyika jaribio lenye mafunzo mengi kwetu. Liliitwa SMS for Life, na lilianza Septemba 2009 likaendelea kwa majuma 21. Wilaya nyingine mbili zilikuwa Lindi Vijijini na Ulanga. Vituo vya tiba 129 vilishiriki.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila juma mhudumu wa kituo alipata ujumbe kwenye simu yake ya mkononi ukimwuliza ana akiba kiasi gani ya dawa mseto ya malaria na sindano za kwinini. Alijibu kwa ujumbe mfupi bila kulipa. Aliyechelewa alikumbushwa. Majibu yalikusanywa, na viongozi wa afya wa wilaya waliyaona.

Juma la kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Juma la 21 vilikuwa 26. Huko Lindi Vijijini upungufu ulikuwa umekwisha kufikia juma la nane.

Tujiulize: je, ni simu zilizoleta dawa? Hapana. Simu zilionyesha dawa zimekwisha wapi, na watu wenye wajibu wakazipeleka. Tena, takriban ujumbe 7 hadi 8 kati ya kila 100 uliandikwa kwa makosa, lakini karibu yote ulisahihishwa na kutumwa upya, kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa kuukagua. Mafanikio yalitokana na swali fupi, siku maalumu, ukumbusho, na mtu wa kuchukua hatua.

Hatua saba za kuanzia

Hatua hizi zinafaa hata kwa kituo chenye simu moja na daftari moja.

1. Mlango mmoja. Chagueni namba moja ya simu na anwani moja ya barua pepe, mali ya kituo na si ya mtu binafsi. Wajulisheni wote wanaowatumia taarifa.

2. Mtu wa zamu. Andikeni ukutani ni nani anafungua taarifa leo, na nani anashika nafasi yake asipokuwepo. Afungue asubuhi, mchana na kabla ya kuondoka.

3. Daftari la kuingia. Kila taarifa iandikwe: tarehe na saa, imetoka wapi, inamhusu nani, amepewa nani, na hatua gani imechukuliwa. Safu ya mwisho ikiwa wazi, kazi haijaisha.

4. Mtambueni mgonjwa kwa hakika. Majina hufanana, na katika eneo letu jina moja huweza kuandikwa kwa namna mbili, kwa r au kwa l. Msitegemee jina peke yake. Linganisheni majina matatu, umri, kijiji na namba ya kadi. Mkiwa na shaka, pigieni simu aliyetuma.

5. Tenganisheni ya haraka na ya kawaida. Majibu yenye hatari yapelekwe kwa mganga mkononi na kuelezwa kwa mdomo. Yasisubiri kwenye folda.

6. Ipeni picha jina linaloeleweka. Anzeni na mwaka, mwezi na siku, kisha namba ya kadi na aina ya taarifa. Iwekeni kwenye folda ya mgonjwa, na nakili majibu kwenye faili lake la karatasi.

7. Jibuni. Mwambieni aliyetuma kwamba mmepokea. Nanyi mkituma, msihesabu kazi imekwisha mpaka mmepata jibu.

Umeme, mtandao na siri ya mgonjwa

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, na hata sasa si kila zahanati ina umeme wa uhakika. Kwa hiyo daftari la karatasi lisitupwe. Wekeni nakala ya pili ya folda kwenye kifaa kingine kinachofungiwa kabatini, na mkubaliane ni nani atapigiwa simu mtandao ukikatika.

Siri ya mgonjwa ni wajibu, na sasa ni sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Simu ya kituo iwe na namba ya siri. Majibu yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wasiomhudumia mgonjwa. Kijijini, ambako wote wanafahamiana, jina moja lililovuja kuhusu kipimo cha virusi vya UKIMWI linaweza kuvunja ndoa au kumfanya mtu aache dawa.

Maswali ya kujadili

• Taarifa ya mwisho iliyoingia kituoni kwenu iko wapi sasa? Nani aliisoma, na alifanya nini?

• Ni simu za nani zinazopokea majibu ya wagonjwa? Itakuwaje mwenye simu akihamishwa?

• Ni nani anayeweza kuona taarifa za mgonjwa bila kuwa na sababu?

• Ni hatua ipi kati ya saba mnaweza kuianza juma hili bila kununua kitu chochote?

Tunapendekeza mwanze na daftari. Baada ya mwezi mmoja, kaeni pamoja mhesabu ni mistari mingapi haina neno kwenye safu ya mwisho. Kila mstari ulio wazi ni mgonjwa anayesubiri. Mtafuteni huyo kwanza, ndipo mzungumzie kununua kompyuta.