Kelele Ndani ya Gari: Zinakotoka na Jinsi ya Kuzipunguza

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Wakazi wengi hulikumbuka jukumu hilo baa ya jirani inapokesha na muziki, au kipaza sauti cha mfanyabiashara kinaposimamishwa mbele ya zahanati. Ipo kelele nyingine ambayo haifikishwi kwa chifu wala kwa afisa wa mazingira, kwa sababu anayeumia ndiye anayeiendesha. Ni kelele iliyo ndani ya gari lenyewe.

Dereva wa matatu anayeanza kazi alfajiri na kufunga usiku hukaa na mngurumo wa injini kwa saa nyingi kuliko mfanyakazi wa kiwandani. Kiwandani kuna sheria. Kanuni za 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele ya wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Wataalamu wengi wa afya kazini ni wakali zaidi. Wao huanzia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94. Kwenye desibeli 100 muda uliosalia ni dakika 15 tu.

Sababu ya hesabu hiyo ni kwamba desibeli hazijumlishwi kama kilo za mahindi. Desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni imeongezeka maradufu, hata kama mtu ataona ni tofauti ndogo tu. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa haziwi tena. Dalili ya kwanza huwa mlio masikioni baada ya kazi, kisha mtu huanza kuwauliza watoto wake warudie walichosema.

Hapa ndipo redio inapoingia. Injini ikinguruma, dereva huongeza sauti ya redio ili aisikie juu ya mngurumo. Barabara ikiharibika, anaongeza tena. Mwishowe sikio linabeba mizigo miwili, na king'ora cha ambulensi iliyo nyuma hakisikiki. Ndiyo maana mafundi wazuri wa muziki wa magari humwambia mteja atulize gari kwanza kabla ya kununua spika kubwa. Kelele ya gari ikishuka kwa desibeli 3, redio nayo inaweza kushushwa kwa desibeli 3 na maneno ya mtangazaji yakasikika vilevile, huku ampulifaya ikitumia nusu tu ya nguvu iliyokuwa ikitumia.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima ijulikane kelele inatoka wapi. Jaribio lake ni rahisi. Gari lisimamishwe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, giya ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Madirisha yafungwe, feni na redio vizimwe, kisha injini ipandishwe hadi mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Kelele ileile inayosumbua barabarani ikisikika hapo, inatoka kwenye injini au ekzosi. Ikiwa kumetulia, basi kinachosumbua ni magurudumu, upepo au bearing, na kuufunika ukuta wa injini hakutasaidia kitu.

Ikiwa ni injini, kwanza zikaguliwe raba zinazoishikilia, zile ambazo mafundi huziita maunting. Zikichoka, mtikisiko wote wa injini hupita moja kwa moja hadi kwenye bati la gari, na usukani hutetemeka gari likiwa limesimama kwenye taa. Pili, silensa na mabomba ya ekzosi. Hapa hakuna mzaha. Ekzosi iliyotoboka haitoi kelele tu, hutoa pia gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huingia ndani ya gari kupitia matundu ya sakafuni na inaweza kumlewesha dereva au kuua. Anayebandika zulia nzito juu ya kelele ya ekzosi mbovu ameizima kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Tatu ni matundu yenyewe. Sauti hupita pale hewa inapopita. Ukuta ukiwa imara kiasi gani, tundu la asilimia 1 tu ya eneo lake linatosha kuuzuia usipunguze sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hiyo zile raba ndogo zinazoziba matundu ya nyaya kati ya injini na dashibodi, ambazo fundi wa umeme huzitoa akipitisha waya wa kengele ya wizi na kusahau kuzirudisha, zina thamani kuliko zulia la maelfu ya shilingi. Raba za milango nazo hupimwa kwa noti ya shilingi 50: ifungiwe kati ya mlango na fremu, kisha ivutwe. Ikitoka bila kung'ang'ania, raba hapo imelala. Rudia kila baada ya shubiri moja, kuzunguka mlango wote.

Magari ya Toyota Hiace yanayotumika kama matatu za abiria 14 yana shida yao ya pekee. Injini haiko mbele chini ya boneti kama kwenye Probox, iko chini ya viti vya mbele. Dereva na abiria wawili wa mbele wameikalia. Kati yao na injini kuna kifuniko cha bati, na kifuniko hicho hufunguliwa kila mara fundi anapohitaji kuifikia injini. Baada ya miaka, raba inayozunguka ukingo wake hukauka na kukatika, klipu hupotea, na ile godoro nyembamba ya kiwandani iliyo upande wa chini hulowa oili na kuchanika. Abiria wa mbele anayelalamika kuwa kiti kinachoma na kelele imezidi anaeleza tatizo moja, si mawili.

Kazi ya kurekebisha huanza na raba ya ukingo. Ikibadilishwa na klipu zote zikarudi, kifuniko kikakaa bila kucheza, sehemu kubwa ya kelele huwa imeondoka kabla ya kifaa kingine chochote. Kisha upande wa chini husafishwa oili yote na kuwekwa kizuizi kipya kilichotengenezwa kwa matumizi ya karibu na injini, chenye uso wa foili ya alumini na kisichoshika moto. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo muhimu. Sponji ya godoro, mabaki ya zulia la nyumbani na trei za mayai havifai hapo hata kidogo. Sponji hunyonya oili, na sponji yenye oili karibu na ekzosi ya moto ni utambi. Trei za mayai, licha ya sifa zake mitaani, hazizuii mngurumo wa injini popote pale.

Vifaa vinavyouzwa kwa kazi hii ni vya aina tatu, na wauzaji wengi huvichanganya kwa jina moja. Cha kwanza ni karatasi ya butili yenye foili ya alumini. Hii haizuii sauti kupita, kazi yake ni kulituliza bati lisitetemeke. Bati likigongwa kwa kifundo cha kidole hulia kama sufuria, likibandikwa karatasi hiyo hutoa mlio mfupi wa kubutu. Kwa kuwa linahitaji kutulizwa tu, si lazima lifunikwe lote. Robo ya eneo, katikati ya bati pale panapotikisika zaidi, huleta sehemu kubwa ya faida. Fundi anayesisitiza kufunika kila inchi anauza karatasi. Karatasi ya unene wa milimita 2 ina uzito wa takribani kilo 3 kwa kila mita mraba, na gari likijazwa yote huongezeka kilo ambazo mafuta yatazilipia.

Cha pili ni sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, ambayo huwekwa kati ya bati na kitu kingine ili visigusane. Cha tatu ni zulia zito la vinyl linalozuia sauti kwa uzito wake. Hilo huwekwa sakafuni na kwenye ukuta wa injini, juu ya sponji. Uzito ukiongezwa maradufu, sauti inayopita hupungua kwa desibeli 5 hadi 6, ila tu kama hakuna tundu.

Madukani kuna pia karatasi za lami zilizotengenezwa kuzibia paa za nyumba. Ni za bei nafuu na zina foili, kwa hiyo kwa macho hufanana na za gari. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa, lami hulainika, hunuka, na kwenye dari na milango huanza kuteleza na kudondoka. Anayetaka kuokoa pesa anunue karatasi chache za butili halisi.

Milango ya mbele ndiyo mahali ambapo utulivu na muziki hukutana. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa ya fundi kufikia mashine ya kioo, na sauti ya nyuma ikipita humo hukutana na ya mbele na kuifuta, hasa besi. Mwenye gari hudhani spika ni dhaifu. Matundu hayo yakizibwa, na bati la nje likatulizwa kwa karatasi chache, spika ileile ya kiwandani hutoa besi ambayo haikuwepo, na kelele ya barabara inapungua pia.

Kazi yenyewe huchukua nusu siku kwa milango miwili. Betri ifunguliwe kwanza na gari liachwe kwa dakika kadhaa, kwa sababu baadhi ya magari yana vifaa vya mifuko ya hewa mlangoni, na plagi zake, mara nyingi za rangi ya manjano, hazichezewi. Paneli ya ndani ikishatolewa, bati lisafishwe vumbi na mafuta kwa spiriti na likaushwe, maana butili haishiki juu ya uchafu. Karatasi ikandamizwe kwa roli hadi alama zake zilale. Kioo kipandishwe na kushushwa kabla ya kufunga ili kuhakikisha hakuna kinachokiguza.

Jambo ambalo mafundi wa haraka hulikosea ni vitundu vilivyo ukingoni chini kabisa mwa mlango. Maji ya mvua huingia kwenye kila mlango kupitia mwanya wa kioo, na vitundu hivyo ndivyo njia yake ya kutokea. Vikizibwa, mlango huwa ndoo, na kutu huanza kula bati kwa ndani bila mtu kuona. Karatasi ile ya plastiki iliyo nyuma ya paneli nayo irudishwe, kwani huzuia maji hayo yasifike kwenye zulia.

Dari haihitaji mengi. Kipande kimoja katikati ya kila sehemu ya bati hutuliza makelele ya mvua.

Kuna kelele moja ya injini ambayo hakuna zulia linaloweza kuizuia, nayo ni ule mluzi unaotoka kwenye spika zenyewe, unaopanda na kushuka kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Huo hautoki kwa injini kupitia hewa. Ni umeme wa alteneta unaovuja kwenye nyaya za muziki. Ili kuutambua, redio izimwe huku injini ikiendelea kunguruma: mluzi ukikoma, shida iko kwenye waya. Mara nyingi waya wa ardhi wa redio au ampulifaya umefungwa juu ya rangi au kutu. Ukwanguliwe hadi bati tupu na ukazwe vizuri. Nyaya za sauti zipitishwe upande mmoja wa gari, na waya mkubwa wa betri upande mwingine, ukiwa na fyuzi karibu na betri. Kuna wenye magari ambao wamefunikiwa gari zima kwa karatasi za gharama wakiufukuza mluzi wa waya mmoja mbovu.

Asiye na pesa za kufanya yote afuate mpangilio huu: maunting na ekzosi, kisha raba na matundu, kisha kifuniko cha injini kwa wenye Hiace, ndipo milango ya mbele. Sakafu na dari vingoje. Kabla na baada ya kila hatua, abiria, si dereva, apime kwa programu ya simu ya kupima sauti, kwenye barabara ileile, mwendo uleule, madirisha yakiwa yamefungwa. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini simu moja ikitumika mara zote mbili itaonyesha kama kelele imeshuka, na mwenye gari atajua kama fundi amefanya kazi aliyolipwa.