SOMO: Familia Ndogo na Tamaa ya Mtoto wa Kiume

Familia zetu zinapungua. Uchunguzi wa 1977-78 ulionyesha kwamba mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Ule wa 2022 ulionyesha 3.4. Kuhusu karo na mashamba yaliyogawanywa mpaka yakaisha tumesikia mengi. Leo tuulize jambo ambalo vikundi vyetu hulipita haraka: watoto wakiwa wachache, ile tamaa ya kijana wa kurithi boma inakwenda wapi?

Mzee wa watoto 8 hakuwa na wasiwasi. Kijana angepatikana tu, hata akiwa wa saba. Lakini mtu aliyeamua kuzaa wawili, na wa kwanza ni msichana, amebakiwa na nafasi moja.

Hebu tutazame Korea Kusini, waliopita njia hii kabla yetu. Mwaka 1960 mama wa huko alizaa kama watoto 6. Kufikia 1990 hawakufika 2, na mashine ya skani, ile ya kumtazama mtoto akiwa tumboni, ilikuwa imeenea. Kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Mwaka huo Korea walizaliwa zaidi ya 116. Na kwa wale waliozaliwa wa tatu na kuendelea, mwaka 1993 ilikuwa karibu wavulana wawili kwa msichana mmoja! Wasichana hao walienda wapi? Mimba zilitolewa.

Ati sheria haikuwako? Ilikuwako. Tangu 1987 daktari alikatazwa kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto. Watu walijua pa kuulizia.

Hasara ya namna hii haionekani mara moja. Watoto wa 1990 sasa wamepita miaka 30, na katika rika lao wanaume wamezidi. Huwezi kurudi nyuma ukamzaa msichana wa 1990. Yeye ndiye angekuwa mama leo, katika nchi ambayo mwaka 2023 wastani wa uzazi ulishuka hadi 0.72.

Hata hivyo, kufikia 2007 hesabu ya wanaozaliwa ilikuwa imerudi karibu na kawaida. Kwa maoni yetu kilichosaidia zaidi si kumtisha daktari, bali thamani ya binti kupanda. Wasichana walisoma, wakaajiriwa, wakaanza kuwatunza wazazi wao. Sheria iliyoanza 1991 ilimpa binti urithi sawa. Mwaka 2008 ukafutwa utaratibu wa kuandikisha kila familia chini ya mwanamume.

Hapa kwetu hesabu haijaharibika. Sensa ya 2019 ilipata wanawake 24,014,716 na wanaume 23,548,056. Lakini mama aliyezaa wasichana watupu bado anasemwa, hata kuletewa mke mwenza, na hali mbegu ya baba ndiyo huamua jinsia ya mtoto. Binti naye huambiwa shamba si lake, ingawa Sheria ya Urithi imetumika tangu 1981 na yeye ni mrithi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Katika kijiji chetu, ni binti wangapi wamepewa shamba na baba zao wakiwa hai?

Mzazi akizeeka, ni nani hasa humletea unga na dawa?

Mama akijifungua msichana wa tatu, majirani husema nini wakija kumwona?