Jinsi ya kuvumilia mpaka kahawa ikubali

Ukipanda mche wa kahawa leo kwenye milima ya Mbinga, utachuma cha kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Hapo katikati ndipo wengi huachia ngazi. Magugu yanafunga shamba, mwenyewe yuko kwenye bodaboda. Roho ngumu haijazi sufuria. Panga mapema utakula nini wakati unasubiri.

Anza na ngoro, mashimo ya kulimia chakula mteremkoni, hata kabla hujagusa mche. Mwezi wa tatu fyeka majani kwa nyengo, uyaache yakauke siku kadhaa. Kisha yapange kwa mistari, mingine ikishuka mlima, mingine ikikatiza, upate vyumba vya mraba vya kama mita moja na nusu. Ingia katikati ya chumba, chimba udongo na kuutupia juu ya majani pande zote nne. Linabaki shimo, matuta yamelizunguka. Panda maharage juu ya matuta.

Mvua ikipiga, maji yanatulia shimoni, hayaondoki na udongo wako kwenda mtoni. Majani nayo yanaoza chini ya tuta, na mwisho wa mwaka hapohapo unapanda mahindi. Mzunguko mzima ni miaka miwili, kwa hiyo gawa eneo nusu kwa nusu, kila mwaka upate mahindi na maharage. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wamelisha familia kwenye miteremko hiyo kwa zaidi ya karne moja, kwa hiyo asije mtu akakushauri ulime matuta ya kushuka. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, wanawake wakachimba. Mimi nasema wote mshike jembe. Kuchimba ndiko kunakovunja mgongo.

Sasa kahawa. Panda michache. Miche mia iliyotunzwa itakulipa kuliko elfu iliyozama kwenye magugu.

Chimba mashimo mwezi wa tisa, sentimita 60 kwa 60, na kina hichohicho. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe la samadi iliyooza, kisha urudishe. Mvua zikikolea Desemba, panda.

Miche ichukue kwenye kitalu cha kuaminika. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wana kituo Ugano, hapohapo Mbinga, na aina zao bora zinahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ukiokota mche uliojiotea chini ya mbuni wa jirani, umeokota na gharama ya dawa kila msimu.

Miaka miwili ya kwanza, weka maharage katikati ya mistari, mbali kidogo na mashina. Migomba michache itakupa kivuli na ndizi za kula. Kiangazi kikianza, tandaza majani makavu kuzunguka mche, yasiguse shina. Karibu na shina palilia kwa mkono, maana mizizi inayolisha mbuni iko juujuu na jembe huikata.

Tenga siku moja ya wiki iwe ya mibuni tu. Msiba na harusi vinasameheka. Mpira hapana.

Adui mkubwa anakuja na noti mkononi. Januari hadi Machi ghala limepungua, shule wanadai michango, na mtu anabisha hodi na fedha ya magoma. Anakupa leo, kahawa ikiiva ni yake, kwa bei aliyopanga yeye. Serikali imepiga marufuku, lakini wapo wanaofanya kimyakimya. Kinga yake ni gunia. Ukivuna mahindi, tenga ya kula mpaka mavuno yajayo kabla hujauza hata debe moja. Cha kuuza ni maharage. Fedha ya shule itoe siku ileile unayolipwa maharage, uipeleke kwenye kikundi cha akiba, VICOBA, isilale nyumbani.

Kama uko chini ziwani, Liuli au Mbamba Bay, joto halifai arabika, usijisumbue. Mihogo iache ardhini iwe akiba yako, ng'oa kwa mahitaji. Dagaa wakijaa, usimalize wote kwa bei ya siku ya neema. Waanike kwenye vichanja, wasipate mchanga, uwapandishe Mbinga mjini wanapoadimika. Kutoka Mbamba Bay lami ipo.

Mwaka wa tatu mavuno ya kwanza yatakuwa kiduchu, usishtuke. Chuma nyekundu tu, za kijani uzifuate baadaye. Zimenywe siku hiyohiyo. Zikilala zinaanza kuchacha na ubora unashuka. Ukifika AMCOS, chama chenu cha ushirika, simama karibu na mzani, soma kilo mwenyewe, na usiondoke bila stakabadhi yenye jina lako.